SOMO LA ARDHI NA MAKAAZI: KIJUMBA HALALI HUANZIA KATIKA KIWANJA HALALI

Dibaji

Mwananchi mwenye kipato kidogo akitaka kujitegemea kwa makaazi, mara nyingi haanzi na nyumba kubwa. Huanza na chumba kimoja na ukumbi, jiko la nje, choo na kisima au mfereji wa pamoja. Baadaye, Mwenyezi Mungu akimjaalia, huongeza chumba cha pili. Huo ni utaratibu wa wazee, nao ni utaratibu wa busara, kwani haba na haba hujaza kibaba.

Tatizo linalojitokeza kila mwaka katika shehia zetu si udogo wa vijumba hivyo. Tatizo ni mahali vinapowekwa. Familia hukusanya fedha kwa miaka, hununua sehemu ya ardhi kwa karatasi ya mkono, hujenga kwa haraka, na baadaye huambiwa kwamba ardhi hiyo ni eka ya Serikali, ni njia ya barabara, ni mali ya wakfu au ni sehemu ya mirathi ambayo haijagawiwa. Kwa tajiri hasara hiyo ni ya nyumba moja kati ya nyumba zake. Kwa mwenye kijumba, ni hasara ya kila alichonacho.

Makala haya yametayarishwa kwa ajili ya wakaazi wanaotafuta pahala pa halali pa kuweka nyumba ndogo ya kuishi, pamoja na watumishi wa umma wanaoulizwa maswali ya namna hiyo kila siku. Yanaeleza aina za ardhi, hatua za kufuata, makosa yanayotokea mara kwa mara na wajibu wa kila upande. Mwishoni yamewekwa maswali ya kujipima.

1. Maana ya kijumba mbele ya sheria

Wapo wanaoamini kwamba jengo dogo halihitaji ruhusa. Husema: "Hiki ni kibanda tu, si nyumba." Wengine huamini kwamba jengo la makuti, mabati au mbao ni la muda, na kwa hivyo halimhusu mtu yeyote. Fikra hizo si sahihi.

Jengo likiwa na watu wanaolala, wanaopika na wanaotumia choo, ni makaazi. Linahitaji njia ya kupita maiti na mgonjwa, linahitaji maji safi, na linatoa maji machafu. Mambo hayo hayapungui kwa sababu kuta ni za udongo badala ya matofali. Kwa hivyo maswali mawili huulizwa kwa kila jengo la kuishi, kubwa au dogo: je, aliyejenga ana haki juu ya ardhi hiyo? Na je, ana ruhusa ya kujenga jengo la aina hiyo pahala hapo?

Maswali haya ni mawili, wala jibu la moja halitoshi kwa jingine. Mtu anaweza kuwa na haki kamili ya ardhi na bado asiwe na kibali cha ujenzi. Vile vile mtu anaweza kupewa mchoro mzuri na fundi mzuri, na ardhi ikawa si yake.

Suala hili halipo visiwani tu. Nchini Marekani, ambako tangu miaka ya mwisho ya 1990 watu wengi walianza kujenga vijumba vya mbao, mara nyingi juu ya magurudumu, wenye vijumba waligundua kwamba kujenga ndiyo kazi nyepesi na kupata pahala pa kukiweka ndiyo kazi nzito. Katika miji mingi, kijumba chenye magurudumu kilihesabiwa kuwa ni gari na si nyumba, hivyo hakikuruhusiwa kukaliwa daima katika kiwanja cha makaazi. Ilipofika mwaka 2018, kanuni za mfano za ujenzi wa nyumba zinazofuatwa na majimbo mengi ya nchi hiyo ziliongezewa sehemu maalumu juu ya nyumba zisizozidi mita za mraba 37, lakini kwa zile zilizojengwa juu ya msingi. Ruhusa ya ardhi ilibaki kwa kila mji. Funzo ni lile lile: udogo wa nyumba haumwondolei mwenye nyumba suala la ardhi.

2. Nyumba yangu, ardhi ya mwingine: historia fupi

Wakaazi wa Unguja wanalijua jambo hili kwa zaidi ya miaka mia moja. Eneo la Ng'ambo, ng'ambo ya pili ya hori lililoutenga Mji Mkongwe na sehemu nyengine ya kisiwa, lilijengwa na watu wa kawaida: wachukuzi, mafundi, wavuvi, wauzaji wa sokoni na watu waliokuwa watumwa pamoja na vizazi vyao. Nyumba zao zilikuwa za miti na udongo, zikiezekwa makuti na baadaye madebe. Nyumba ilikuwa mali ya aliyeijenga. Ardhi ilikuwa ya mwengine, ama mtu binafsi au wakfu, na mwenye nyumba alilipa kodi ya kiwanja.

Maadamu kodi ilikuwa ndogo, utaratibu huo ulivumilika. Katika miaka ya 1920 wenye ardhi walipandisha kodi kwa kiasi kikubwa. Mwenye nyumba alijikuta hana la kufanya: nyumba ya udongo haibebwi ikahamishwa, na aliyeshindwa kulipa aliweza kutolewa katika nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi za viwanja. Baadhi yao walikamatwa, na umati wa watu ulikwenda jela kuwatoa. Utawala wa wakati ule ulilazimika kutunga sheria ya kuwekea mpaka upandishaji wa kodi hizo.

Mtindo wa kumiliki nyumba bila ya ardhi haukuwa wa Unguja peke yake. Mombasa nako, mtindo huo unajulikana hadi leo katika mitaa ya zamani. Udhaifu wake ni mmoja kila pahala: mwenye nyumba anaweka mali ya kudumu juu ya haki isiyodumu.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964, ardhi yote iliwekwa chini ya Serikali mwezi wa Machi mwaka huo huo. Wakulima waligaiwa eka tatu tatu, na ugawaji huo uliwekewa sheria yake mwaka 1966. Mjini, Serikali ilijenga nyumba za ghorofa Kikwajuni na Kilimani kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na baadaye majumba marefu ya Michenzani, ili kuwapatia makaazi wananchi waliokuwa wakiishi katika nyumba duni.

Kati ya mwaka 1989 na 1994 zilitungwa sheria za upimaji, utambuzi, usajili, umiliki na uhaulishaji wa ardhi, pamoja na sheria ya kuanzisha Mahakama ya Ardhi. Iliyo muhimu zaidi kwa somo hili ni Sheria Nam. 12 ya mwaka 1992 inayohusu umiliki na matumizi ya ardhi, ambayo imefanyiwa marekebisho baadaye. Mwaka 2015 ilitungwa sheria ya kuanzisha Kamisheni ya Ardhi.

Mahitaji ya makaazi yamezidi sana tangu wakati huo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,889,773. Katika Mkoa wa Mjini Magharibi pekee idadi ilipanda kutoka watu 593,678 hadi 893,169, yaani ongezeko la nusu nzima ndani ya miaka kumi. Ardhi haikuongezeka hata shibiri moja. Ndiyo maana sehemu ndogo ya ardhi leo ina wanunuzi wengi, na penye wanunuzi wengi hapakosi wauzaji wasio na haki ya kuuza.

3. Haki ya matumizi ni nini?

Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1992, ardhi ni mali ya umma iliyowekwa chini ya mamlaka ya Rais kwa manufaa ya wananchi wote. Anachopata mwananchi ni haki ya matumizi ya ardhi. Haki hiyo si ndogo. Mwenye nayo huitumia peke yake, hurithiwa na watoto wake, na anaweza kuihaulisha kwa mwengine kwa kufuata utaratibu. Ikichukuliwa na Serikali kwa manufaa ya umma, hustahiki fidia.

Haki hiyo hupatikana kwa njia zinazotambulika: kupewa na Serikali, kutambuliwa haki iliyokuwepo baada ya uhakiki, kurithi, kununua, au kupewa zawadi na mwenye haki. Njia yoyote kati ya hizo inahitaji ushahidi wa maandishi na, inapotakiwa, idhini ya chombo husika.

Mambo matatu yafaa kukumbukwa hapa. Kwanza, haki ya matumizi ni ya Mzanzibari. Asiyekuwa Mzanzibari ana utaratibu wake wa kukodishwa ardhi, ambao si maudhui ya somo hili. Pili, ardhi si jambo la Muungano. Sheria za ardhi za Tanzania Bara za mwaka 1999, pamoja na leseni za makaazi na hati za kimila zinazotolewa huko, hazitumiki Unguja wala Pemba. Mtumishi aliyehamia visiwani akitokea Bara asitumie uzoefu wa kule kununua ardhi huku. Tatu, visiwani miti inaweza kuwa na mwenyewe mbali na mwenye ardhi. Anayenunua pahala penye minazi au mikarafuu aulize na mwenye miti ni nani.

4. Ardhi ya kuombea kijumba: ipi inafaa na ipi haifai

Kiwanja kilichopimwa kwa makaazi. Hii ndiyo njia iliyo salama kuliko zote. Kiwanja kina namba, mipaka yenye mawe, barabara na matumizi yaliyokwisha kupangwa. Mwenye uwezo mdogo anaweza kujenga chumba kimoja upande wa nyuma na kuacha nafasi ya nyumba ya mbele, mradi mchoro aliouwasilisha uonyeshe hivyo. Aliyepewa kiwanja na Serikali asikiache bila kukiendeleza, kwani ardhi iliyotelekezwa yaweza kurejeshwa Serikalini kwa kufuata sheria. Kijumba kilichojengwa kwa kibali ni uendelezaji.

Uani kwa wazazi au jamaa. Vijana wengi huanzia hapa. Ni njia nzuri na rahisi, lakini ina mitego miwili. Wa kwanza ni kibali: chumba kipya uani ni jengo jipya. Wa pili ni mirathi. Mzazi akifariki, kiwanja kizima huwa cha warithi wote kwa mafungu yao, na aliyejenga uani hubaki na kuta juu ya ardhi ya watu saba. Dawa yake ni kuandikiana mapema, mzazi angali hai na ndugu wakishuhudia, ikielezwa wazi kama aliyejenga amepewa zawadi ya sehemu hiyo, amekodishwa, au ameruhusiwa kukaa tu.

Kiambo na ardhi ya ukoo vijijini. Katika vijiji vingi vya kusini na mashariki ya Unguja, ardhi ya kiambo huwa ya ukoo mzima. Mwanaukoo hupewa pahala pa kujenga kwa makubaliano ya wazee. Mgeni hauziwi kwa kauli ya mtu mmoja. Aliyeuziwa na mjukuu mmoja bila ya wenziwe amenunua ugomvi.

Eka tatu. Hii ndiyo ardhi inayoleta hasara nyingi zaidi, hasa pembezoni mwa mji. Eka hizi zilitolewa kwa ajili ya kilimo. Aliyepewa hakupewa ruhusa ya kuzikata vipande na kuviuza kwa makaazi. Karatasi ya mauziano ya kipande cha eka, hata ikiwa na mashahidi kumi, haimpi mnunuzi haki ambayo muuzaji mwenyewe hakuwa nayo. Inapotokea Serikali imebadilisha matumizi ya eneo hilo na kulipima kuwa viwanja, hapo ndipo mwananchi anapoweza kuomba kwa namba ya kiwanja, si kwa namba ya eka.

Mali ya wakfu. Kitu kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakitolewi zawadi wala hakirithiwi. Hukodishwa kwa mapatano na wanaosimamia wakfu kwa mujibu wa sheria. Anayependa kuishi katika nyumba au kiwanja cha wakfu apate mkataba wa maandishi kutoka chombo kinachohusika na alipe kodi kwa stakabadhi.

Mji Mkongwe. Tangu mwaka 1985 kipo chombo maalumu cha hifadhi na uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mwaka 2000 mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kuongeza chumba juu ya dari, kuziba uwanja wa ndani au hata kubadilisha mlango na dirisha kunahitaji kibali. Anayetafuta makaazi madogo humo atafute chumba cha kupanga, si pahala pa kujenga.

Sehemu ya jengo. Tangu mwaka 2010 ipo sheria inayomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo, kama vile chumba kimoja cha ghorofa, na kushirikiana na wenzake katika ngazi, paa na uwanja. Kwa mkaazi wa mjini asiye na haja ya ua, njia hii yafaa kuangaliwa kabla ya kukimbilia nje ya mji.

Maeneo yasiyojengwa kabisa. Haya ni ufukwe, misitu ya hifadhi, njia za barabara na za umeme, mabonde yanayotuama maji, na maeneo ya vyanzo vya maji. Mji wa Zanzibar umekuwa ukinywa maji ya chemchem za upande wa Bububu tangu enzi za Sayyid Barghash (1870–1888), aliyeyaleta mjini kwa mabomba. Sehemu kubwa ya ardhi ya Unguja ni mawe ya matumbawe yenye matundu, ambayo hupitisha maji machafu upesi. Choo cha kijumba kimoja kinaweza kuingia katika kisima kinachonywewa na mtaa mzima, na mitaa yetu inakijua kipindupindu. Kwa hivyo katazo la kujenga katika maeneo hayo halikuwekwa kwa kumwonea mnyonge. Limewekwa kwa kuwa mnyonge ndiye anayeugua kwanza.

5. Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza: kuuliza kabla ya kutoa fedha. Anayetaka ardhi apate kwanza jina kamili la muuzaji, eneo lenyewe na mipaka yake. Aonane na Sheha wa shehia hiyo ili ajue kama muuzaji anafahamika na kama pana mgogoro. Awaulize pia majirani wa pande zote nne, kwani jirani ndiye ajuaye jiwe lilipokuwa.

Hatua ya pili: kupekua. Taarifa za ardhi hutafutwa katika ofisi za ardhi, na kwa ardhi iliyosajiliwa hutafutwa kwa Mrajis wa Ardhi. Kinachotakiwa kujulikana ni nani mwenye haki, kama ardhi imewekwa rehani, na kama ipo kesi. Jibu lichukuliwe kwa maandishi.

Hatua ya tatu: kujua mpango wa matumizi. Ofisi ya mipango miji na vijiji ndiyo inayojua kama pahala hapo pamepangwa kwa makaazi, kilimo, skuli, soko au barabara. Eneo linaweza kuonekana tupu leo, na katika ramani likawa barabara. Mji wa Zanzibar umefanyiwa mipango mikuu katika miaka ya 1923, 1958, 1968 na 1982, na mingine baada ya hapo. Si hekima kujenga bila ya kuuliza mpango unasemaje.

Hatua ya nne: kupima. Mipaka iwekwe na mpimaji anayetambulika, wala isipimwe kwa hatua za miguu au kwa mnazi na mwembe. Kiwanja kidogo kinahitaji kipimo cha uhakika zaidi kuliko shamba, kwa sababu futi tatu zikipotea katika shamba hazionekani, lakini katika kiwanja cha kijumba ni mlango wa kupitia.

Hatua ya tano: kuhaulisha. Mauziano ya ardhi huwasilishwa mbele ya Bodi ya Uhaulishaji Ardhi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mauziano yaliyofanywa barazani na kuishia barazani hayajakamilika. Fedha zote zisitolewe kabla ya hatua hii. Mapatano ya maandishi yaonyeshe kiasi kilicholipwa, kilichobaki, na marejesho iwapo Bodi itakataa.

Hatua ya sita: kupata kibali cha ujenzi. Maombi hupelekwa kwa mamlaka ya ujenzi ya eneo husika pamoja na uthibitisho wa haki ya ardhi na mchoro. Mchoro wa kijumba hauna haja ya kuwa wa fahari. Uonyeshe chumba, madirisha, choo, shimo la maji machafu, umbali kutoka kisima na mpaka, na sehemu itakayoongezwa baadaye. Anayeonyesha mapema chumba cha pili na cha tatu hupunguza usumbufu wa siku za mbele.

Hatua ya saba: kusajili na kuhifadhi. Baada ya kukamilika, haki iandikwe kwa jina la mwenyewe na nyaraka zihifadhiwe pahala pakavu, nakala zikiwekwa kwa mtu mwengine anayeaminika. Mume na mke waliochanga fedha pamoja waandikwe wote wawili. Kutoandikwa kwa mmoja wao kumewaacha wajane na waliotalikiwa bila ya makaazi, ilhali matofali waliyanunua wao.

6. Nyaraka zinazodhaniwa kuwa ni haki ya ardhi

Karatasi ya Sheha ni ushahidi kwamba Sheha amewafahamu wahusika au ameshuhudia mapatano yao. Sheha hagawi ardhi wala hatoi haki ya matumizi.

Stakabadhi ya maji au ya umeme ni ushahidi kwamba huduma imelipiwa. Mita haithibitishi kwamba nyumba ipo pahala pa halali.

Mkataba ulioandikwa na wakili ni ushahidi wa mapatano. Wakili hawezi kumpa mnunuzi kile ambacho muuzaji hanacho.

Kukaa miaka mingi bila ya kusumbuliwa ni jambo la kuelezwa mbele ya wahakiki, lakini mwenyewe asijihukumie kwamba limeshakuwa haki.

Wazanzibari walioko Oman, nchi nyengine za Ghuba, Ulaya na kwengineko wanahusika hasa na sehemu hii. Wengi hutuma fedha kwa jamaa ili wawanunulie kiwanja na kuwajengea kijumba cha kurejea. Uwakala uwe wa maandishi, hatua zote saba zifuatwe, na jina katika nyaraka liwe la mwenye fedha. Picha ya msingi iliyotumwa kwa simu haielezi msingi huo umejengwa katika ardhi ya nani.

7. Mifano ya kujifunzia

Mfano wa kwanza. Ichukuliwe kwamba mwalimu wa skuli ya msingi ameonyeshwa kipande cha ardhi cha bei nafuu nje ya mji. Muuzaji ana karatasi ya eka ya baba yake. Majirani watatu wamekwisha kujenga. Mwalimu anaona kwamba hatari imepungua kwa kuwa wenziwe wapo. Kwa hakika haikupungua. Wote wanne wana udhaifu mmoja, na hatua yoyote ya Serikali itawakuta pamoja. La kufanya ni kwenda ofisi za ardhi na za mipango na kuuliza kama eneo hilo limebadilishwa matumizi. Kama halijabadilishwa, aache, hata kama bei itashushwa tena.

Mfano wa pili. Ichukuliwe kwamba mama mjane anaishi katika nyumba ya marehemu mumewe, na mtoto wake wa kiume anataka kujenga chumba uani. Mirathi haijagawiwa. Njia sahihi ni kuanza na mirathi kwa Kadhi, kila mrithi ajue fungu lake, kisha warithi waandikiane kuhusu uani. Chumba kikijengwa kabla ya hapo, dada zake watakuwa na haki ya kuuliza, na hawatakuwa wakorofi kwa kuuliza.

Mfano wa tatu. Ichukuliwe kwamba fundi amepewa kiwanja halali, lakini fedha zake zinatosha chumba kimoja tu. Anaogopa kwamba akijenga kidogo atanyang'anywa. Fundi huyu hana la kuogopa. Awasilishe mchoro wa nyumba nzima ukionyesha awamu, aombe kibali, na ajenge awamu ya kwanza. Wazee walisema nyumba njema si mlango.

8. Wajibu wa watumishi wa umma

Mwananchi anayeuliza apewe jibu, na jibu liwe la maandishi. Mtu aliyezungushwa kati ya ofisi tatu kwa miezi mitatu hurudi kwa dalali, kwa sababu dalali hujibu siku ile ile. Ucheleweshaji wa ofisi ni mmoja wa wazazi wa ujenzi holela.

Masheha na madiwani wasisaini karatasi za mauziano ya ardhi wasiyoijua, wala wasiweke muhuri juu ya karatasi ambayo haijajazwa. Anapoona mawe na mchanga vinamwagwa pahala pasipopangwa, Sheha atoe taarifa siku hiyo hiyo. Ujenzi ukizuiliwa katika msingi, mwananchi hupoteza mawe. Ukizuiliwa baada ya kuezekwa, hupoteza mawe, matofali, mbao na mabati, na familia imekwisha kuhamia. Mtumishi anayenyamaza kwa huruma mwanzoni ndiye anayeleta ukatili mwishoni.

Malipo yote yapokewe kwa stakabadhi. Mtumishi anayepokea fedha bila ya stakabadhi anamuuzia mwananchi kile ambacho ni haki yake, na hilo ni kosa.

Pale ambapo mgogoro umekwisha kutokea, wahusika waelekezwe kwa usuluhishi wa shehia na wilaya kwanza, na ikishindikana, Mahakama ya Ardhi. Kubomoleana usiku na kung'oa mawe ya mipaka hakumpi mtu haki, na humtia katika jinai.

9. Maswali ya kujipima

(i) Taja maswali mawili yanayoulizwa juu ya kila jengo la kuishi, dogo au kubwa.
(ii) Kwa nini kipande cha eka tatu hakiwezi kuwa kiwanja cha makaazi kwa mauziano ya watu wawili?
(iii) Karatasi ya Sheha inathibitisha nini, na haithibitishi nini?
(iv) Kijana anayejenga uani kwa wazazi wake aandikiane nini, na lini?
(v) Fedha zote za mauziano zisitolewe kabla ya hatua gani?
(vi) Eleza kwa nini choo cha kijumba kimoja kinaweza kuwadhuru wakaazi wa mtaa mzima.

Hitimisho

Wananchi wanaombwa walisome somo hili pamoja na jamaa zao, hasa vijana wanaojiandaa kuoa na wanawake wanaoendesha familia peke yao. Wakuu wa ofisi wanaombwa walibandike pahala panapoonekana, na masheha walisome katika mikutano ya shehia. Mwenye shaka juu ya kiwanja chochote aulize kwanza katika ofisi ya ardhi iliyo karibu naye, Unguja au Pemba, akiwa na nyaraka zake mkononi na kabla ya kutoa malipo.